Boti ya Sanamu ya Uhuru: Tulipitishwa, Hatukufikishwa

Nilingoja hasira zipoe kabla ya kuandika haya, na kwa kuwa hazijapoa, naandika hivyo hivyo. Tulikuwa New York mwaka juzi, kiangazi kikielekea ukingoni: mimi, mama yangu na binti yangu wa miaka kumi na mmoja. Tulifikia kwa mdogo wangu anayeishi Bronx. Mji ule una mambo mengi ya kumvuta mgeni, nasi tuliyaona kiasi, lakini mama alikuwa na ombi moja tu tangu siku alipopata viza, nalo lilikuwa kufika kwenye Sanamu ya Uhuru, ashuke kisiwani na asimame chini yake.

Ombi hilo halikuwa la kupiga picha. Mama ni mzaliwa wa Bagamoyo, na alifundisha historia shule ya msingi kwa miaka mingi. Amekulia katika mji ambao misafara ya watumwa kutoka bara iliishia, na amewapeleka watoto wa watu kutazama mabaki ya historia hiyo mara zisizohesabika. Siku moja alisoma mahali kwamba miguuni pa sanamu ile, pale ambapo watazamaji wengi hawapatilii maanani, pana pingu na mnyororo uliokatika. Alisoma pia kwamba wazo la kuijenga lilitoka kwa Mfaransa Édouard de Laboulaye, mpinzani wa utumwa, na kwamba mchongaji Bartholdi alilitekeleza hadi sanamu ikazinduliwa mwaka 1886. Tangu hapo hakutaka kusikia habari za mwenge wala taji. “Watu wote wanatazama juu,” aliniambia, “mimi nataka kwenda kutazama chini.” Ndiyo maana nasema kilichotupata pale si hasara ya fedha tu.

Siku yenyewe mdogo wangu alikuwa kazini, hivyo tulikwenda peke yetu kwa treni namba 4, inayotoka Bronx hadi Bowling Green bila kubadilisha. Sehemu hiyo ya safari sina ugomvi nayo. Unagusisha kadi ya benki getini, unapita. Mgeni awe mwangalifu kwa jambo moja tu: vituo vingi vina ngazi za upande mmoja kwa treni zinazopanda kaskazini na ngazi nyingine kwa zinazoshuka kusini, na ukiingia upande usio wako, mara nyingi itakubidi utoke na kulipa upya. Mdogo wangu alitufundisha hilo mapema, na tulifika salama.

Balaa lilianza tulipotoka juu kwenye bustani ya Battery, zinakoondokea boti za kisiwani. Hatukupiga hatua ishirini kabla ya kuzungukwa na wapigadebe. Nimezoea wapigadebe wa stendi za kwetu na najua kuwakwepa, lakini hawa walivaa vizibao vinavyofanana, wakaning'iniza vitambulisho shingoni, na kila mmoja alishika kibao chenye picha ya sanamu. Mtu wa kawaida akiwaona anadhani ni watumishi wa serikali. Kijana mmoja alimwona mama na kanga yake, akamwita “Mama Africa”, akampa mkono kwa heshima zote, akamwambia kwamba foleni ya boti nyingine inachukua muda wa saa tatu na kwamba yeye angetupitisha haraka. Nilimuuliza mara mbili, kwa Kiingereza kilichonyooka, kama boti yake inatia nanga kisiwani na abiria wanashuka. Mara zote mbili alijibu, “Ndiyo, mtafika kwenye sanamu.” Nilimlipa dola 129 kwa watu watatu kwenye mashine yake ya mkononi.

Boti yenyewe haikuwa pale. Tuliambiwa tumfuate mwenzake, naye akatutembeza kando ya barabara yenye magari mazito kwa muda unaokaribia nusu saa hadi gati jingine kabisa. Mama ana maumivu ya goti la kushoto. Alitembea akiwa amenishika mkono na hakulalamika, kwa sababu aliamini anakwenda alikokusudia.

Boti iliondoka, na kwa kweli bandari ile inapendeza. Tulipoikaribia sanamu, mama alisimama. Alitengeneza kanga yake, akafunga mkoba, akasogea kwenye ukingo wa boti kama abiria anayejiandaa kushuka kituo kinachofuata. Boti ikapunguza mwendo. Watu wakapiga picha. Tulikuwa karibu kiasi cha kuwaona waliokuwa wakitembea kisiwani, mmoja wao akiwa amembeba mtoto mabegani. Kisha injini ikanguruma, boti ikageuka, na sanamu ikaanza kutupa mgongo. Mama aliendelea kusimama, mkono mmoja kwenye chuma cha ukingo na mwingine kwenye mkoba. Akaniuliza, “Mwanangu, tunashukia upande wa pili?” Nilikuwa nimeshasikia tangazo la kipaza sauti kwamba tunarudi. Sikuweza kumjibu. Aliyemjibu ni binti yangu: “Bibi, hawashushi.”

Tuliporudi nilimtafuta yule kijana, nikampata palepale, akimshika mkono mama mwingine. Nilimweleza kwa utulivu, kwa maana nilidhani pengine kulikuwa na makosa ya tiketi. Hakuniangalia usoni. Alichukua tiketi yangu, akaigeuza, akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya mstari ulioandikwa kwa herufi ndogo kuliko za kijikaratasi cha dawa, uliosema kwamba boti haitii nanga. Akasema, “Ulipaswa kusoma. Haturudishi fedha.” Nilipomkumbusha kwamba nilimuuliza mara mbili, alinyanyua mkono na kuniashiria nisogee, kama mtu anayefukuza kuku jikoni, akasema ninamzibia wateja. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, akiona yote. Mtu aliyemwita mama saa mbili zilizopita sasa alimpita kwa macho kama hayupo.

Niseme sasa kile ambacho ningependa mtu angeniambia kabla. Kampuni inayoruhusiwa na Idara ya Hifadhi za Taifa kuwashusha watalii kisiwani ni moja tu. Tiketi zake hukatwa kwenye intaneti au katika dirisha lililo ndani ya Castle Clinton, ile ngome ya mviringo iliyomo ndani ya bustani hiyohiyo, hatua chache kutoka pale tulipolaghaiwa. Mtu mzima alikuwa akilipa takriban dola 25, na tiketi hiyo hiyo inamfikisha pia Ellis Island, mahali ambapo zaidi ya wahamiaji milioni 12 walipokelewa kati ya mwaka 1892 na 1954. Alama ya kutambua ni rahisi: kabla ya kupanda boti inayoshusha abiria, unakaguliwa wewe na mkoba wako kama uwanja wa ndege. Ukiona unaingizwa botini bila ukaguzi wa namna hiyo, kisiwani hufiki, hata uapiwe.

Jambo lililonichoma zaidi tulilijua jioni. Mdogo wangu alipotoka kazini alitukuta kwenye gati la Whitehall akatupandisha pantoni ya Staten Island, ile ya rangi ya chungwa, inayokwenda usiku na mchana bila nauli. Wenyeji wanapanda kama sisi tunavyopanda pantoni ya Kigamboni, mmoja na mfuko wa mboga, mwingine amesinzia na viatu vya kazi miguuni. Tulikaa upande wa kulia wakati wa kwenda, na baada ya dakika chache tu sanamu ile ile ilitokea, mbali kidogo kuliko asubuhi, jua likizama nyuma yake. Safari nzima ni kama dakika ishirini na tano. Ukifika ng'ambo unashuka kama wengine, unapanda tena, unarudi. Bure! Nilikuwa nimelipa dola 129 kwa kitu ambacho wasafisha ofisi wa mji ule wanakiona kila siku bila kutoa senti.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema mtu asiende New York na mzazi wake. Nafuta kauli hiyo, kwa sababu kwenye pantoni kijana mmoja aliinuka akampisha mama kiti cha dirishani bila kuombwa, na mwanamke aliyekaa kando yake alimwonyesha kwa kidole ilipo sanamu kabla sisi hatujaiona. Mji haukututenda ubaya. Lakini nikikumbuka ule mkono wa kufukuza kuku, najiuliza mamlaka ya mji yanaona nini pale bustanini kila siku, maana watu wale hawajifichi, wanasimama mchana kweupe mbele ya lango la wenye tiketi halali. Na hapo narudi palepale: kama huna mwenyeji wa kukupokea kituoni, usimpeleke mzazi wako Battery. Au mpeleke, lakini ukiwa na tiketi iliyokatwa tangu nyumbani, na usimjibu yeyote mwenye kizibao.

Mama alisafiri kesho yake usiku, hivyo hapakuwa na siku ya kurudia. Ile tiketi ameihifadhi katika daftari lake la zamani la masomo, kwenye ukurasa alipochora ramani ya njia za misafara. Juzi nilimpigia simu nikamwambia nimeanza kuweka akiba ya safari nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ngazi za kule kisiwani ni nyingi, kwa sababu ya goti.