African Storybook: maktaba huria ya hadithi za watoto, na mahali inapoishia

Kwa mzazi au mwalimu anayetaka mtoto asome hadithi nyingi za Kiswahili, badala ya kurudia kitabu kimoja cha kiada mwaka mzima, African Storybook ni mojawapo ya huduma chache ninazozipendekeza bila kusita. Ni maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa na Saide, taasisi ya elimu yenye makao yake Johannesburg, ambayo ilianza kazi hii pamoja na shule na maktaba za Kenya, Uganda, Lesotho na Afrika Kusini, na tovuti yake ikafunguliwa mwaka 2014. Hadithi zake ni fupi na zina picha nyingi. Zimo katika lugha kubwa kama Kiswahili na Kizulu, na pia katika lugha ndogo ambazo wachapishaji wa kibiashara hawazigusi kwa sababu wanunuzi wake ni wachache.

Kusoma hakulipiwi. Hadithi zimetolewa kwa leseni huria ya Creative Commons, kwa hiyo mwalimu anaweza kuipakua hadithi, kuichapisha na kuwagawia wanafunzi wake nakala bila kuomba ruhusa ya mtu, mradi jina la mwandishi na la mchoraji libaki mahali pake. Ipo pia programu ya simu inayohifadhi hadithi zilizopakuliwa, na hilo ni jambo kubwa kwa familia inayonunua bando la siku moja: mtoto anaweza kuendelea kusoma hata bando likiisha. Hadithi zimepangwa katika ngazi tano, kuanzia maneno ya kwanza, kisha sentensi na aya, hadi masimulizi marefu ambayo mtu mzima humsomea mtoto kwa sauti. Gharama inayobaki ni ya karatasi. Picha za rangi hugharimu sana zinapochapishwa steshenari, na zikichapishwa kwa nyeusi na nyeupe baadhi yake hufifia kiasi cha kumnyima mtoto nusu ya hadithi.

Thamani ya maktaba hii, hata hivyo, naiona zaidi katika kile ambacho hadithi zake zinathubutu kukisimulia. Hadithi nyingi ziliandikwa na walimu na waandishi wa Kiafrika, kisha zikatafsiriwa kutoka lugha moja ya bara hili kwenda nyingine, hivi kwamba mtoto wa Morogoro anaweza kusoma maisha ya mtoto wa Nairobi au wa Afrika Kusini bila hadithi hiyo kupitia kwanza London. Mfano mzuri ni Magozwe, ya Lesley Koyi, inayohusu wavulana wanaoishi mitaani Nairobi. Magozwe, aliye mdogo kuliko wenzake wote, anaokota kitabu kichakavu kwenye mapipa ya taka. Hajui kusoma, lakini picha zinamsimulia kuhusu mvulana aliyekua akawa rubani, na tangu siku hiyo naye anaota urubani. Hadithi haifichi njaa, wala haifichi ugumu wa kumwamini mtu mzima pale ambapo ndugu wa damu amekwisha kukutesa. Mtoto anayepita kila siku karibu na watoto wa mitaani anastahili kitabu kama hiki, na nadhani anayelala mtaani anakistahili zaidi.

Si kila hadithi inafikia kiwango hicho. Ile ya Ursula Nafula kuhusu Sakima, mvulana asiyeona mwenye kipaji cha kuimba, ina mwanzo mzuri sana, kwa kuwa wimbo wake unamfariji tajiri aliyepotelewa na mwana wakati watu wazima wameshindwa. Mwishoni tajiri anampeleka hospitali ili apate kuona tena, na hapo ndipo ninapotofautiana na hadithi. Msomaji asiyeona, au mwenye dada asiyeona, angefaidika zaidi kama Sakima angeheshimiwa kwa kipaji chake na kubaki alivyo. Ningemsomea mtoto hadithi hii, lakini ningemuuliza anafikiri nini kuhusu mwisho wake.

Kuhusu lugha, uangalifu unahitajika. Kwa kuwa mtu yeyote aliyejisajili anaweza kuandika au kutafsiri, tovuti hutenganisha hadithi zilizoidhinishwa na wahariri na zile zilizowekwa na watumiaji, na tofauti hiyo isipuuzwe. Katika kundi la pili utakutana na Kiswahili safi kabisa, na utakutana pia na upatanisho wa kisarufi uliovunjika au sentensi iliyofuata muundo wa Kiingereza neno kwa neno. Mtoto anayejifunza kusoma hana namna ya kujua kuwa kosa ni la kitabu, si lake. Kwa hiyo mwalimu aanze na zilizoidhinishwa, na akiipenda hadithi yenye makosa, atumie haki anayopewa na leseni: atengeneze toleo lake lililosahihishwa.

Uhuru huohuo umezifikisha hadithi hizi mbali. Chuo Kikuu cha British Columbia kilichukua hadithi 40 kutoka maktaba hii kikaanzisha Storybooks Canada, ambako maandishi huambatana na sauti, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. Familia ya Wakongo iliyohamia Canada, ambayo watoto wake wanapoteza lugha ya nyumbani, ningeielekeza huko kwanza. Anayetaka dunia pana zaidi aende StoryWeaver, iliyofunguliwa mwaka 2015 na shirika la Pratham Books la India, yenye hadithi za Asia ambazo mtoto wa Afrika Mashariki hazipati kwa urahisi mahali pengine.

Pengo ninalolisikitikia ni la umri. Ngazi ya tano ikiisha, ngazi inaishia hapo: mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kuzoea kusoma kila jioni hatapata riwaya fupi yenye sura kadhaa, wala masimulizi ya kubalehe, urafiki unaovunjika au hofu ya mtihani. Maktaba hii haikukusudiwa kijana wa umri huo, na si haki kuilaumu kwa hilo. Lakini mzazi ajue mapema kwamba mtoto akifika darasa la sita itamlazimu kutafuta riwaya za vijana kwa wachapishaji wa hapa nyumbani na kuzilipia, na aanze kuzitafuta kabla hamu ya kusoma haijapoa.