Uzoefu wangu na kifurushi cha karamu ya fumbo la mauaji: tulichokinunua na tulichokibadilisha Tanga

Kikundi chetu cha maigizo hapa Tanga kimezoea kucheza masokoni na kwenye viwanja vya shule, michezo ya malaria na ya usafi wa mazingira, ile ambayo mtazamaji anaruhusiwa kuusimamisha mchezo katikati na kumwonyesha mwigizaji namna nyingine ya kutenda. Mwaka huu tulihitaji fedha za kununua taa na vipaza sauti vyetu wenyewe, tukakubaliana kuandaa karamu ya kulipia ambayo ndani yake mhusika mmoja anauawa na wageni wanamtafuta muuaji huku wakila. Mimi nilipewa uongozaji, na ni mimi niliyenunua kifurushi cha mchezo huo kwenye intaneti kwa dola 40.

Kifurushi chenyewe ni faili la kuchapisha: kitabu cha mwongozaji, kadi nane za wahusika, bahasha za ushahidi za awamu tatu, karatasi za kura na ratiba ya saa mbili na nusu. Sifa yake kubwa, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba fedha yetu haikupotea, iko kwenye zile kadi. Mwigizaji hapewi maneno ya kukariri, bali anapewa mambo matatu: anachokijua, anachokificha, na kile asichoweza kukikana akiulizwa waziwazi. Jambo hilo la tatu ndilo linaloshikilia fumbo zima, kwa sababu mwigizaji hodari wa kubuni papo kwa papo akiachiwa huru atadanganya vizuri kupita kiasi, na mgeni aliyeuliza swali sahihi ataondoka mikono mitupu. Katika mchezo huu ni muuaji peke yake anayeruhusiwa kusema uongo kuhusu ushahidi.

Lawama yangu ya kwanza ni ya leseni. Baada ya kulipa ndipo nilipoona, kwa maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho, kwamba bei ile ni ya karamu ya nyumbani, na kwamba kikundi kinachotoza kiingilio sharti kiombe ruhusa nyingine. Niliandika barua pepe, nikajibiwa baada ya siku kumi na moja, nikatakiwa kuongeza dola 60. Tulilipa, na kwa malipo hayo tuliruhusiwa pia kubadilisha majina na mahali, lakini muuzaji muungwana angeliandika jambo hilo pale pale penye bei.

Hadithi ya asili inatokea kwenye jumba la matajiri Uingereza. Sisi tuliihamishia kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge upande wa Pangani, mwaka 1967, serikali ilipokuwa inataifisha mashamba, na wosia uliokuwa unagombewa ukageuka kuwa daftari la mahesabu ambalo mtu fulani hakutaka lionekane na wenye shamba wapya. Kwa wageni wa Tanga, ambao wengi wao baba zao au babu zao walikata mkonge, hapakuhitajika maelezo zaidi. Mmoja wa washukiwa alijifanya bwana shamba wa miaka mingi, nasi tukamwekea kosa la makusudi la kusema kwamba mkonge uliletwa kutoka Bara Hindi. Mzee mmoja wa meza ya tatu alisimama kabla hajamaliza sentensi, akamwambia kwamba mkonge aliuleta Mjerumani, Hindorf, mwaka 1893 kutoka Florida, na kwamba miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, kwa hiyo yeye si bwana shamba wala hajawahi kuwa. Ukumbi ulipiga vigelegele, na sitasahau uso wa mwigizaji wetu.

Kazi ngumu ilikuwa chakula. Ratiba ya kifurushi inadhani kwamba mgeni ataletewa kianzio, kisha chakula chenyewe, kisha kitindamlo, na kwamba uchunguzi utafanyika katika nafasi zilizopo katikati, huku sumu ikiwa kwenye glasi ya mvinyo ya marehemu. Sisi tulikuwa na biriani, sinia mbili kwa kila meza ya watu wanane, na biriani ikishawekwa mezani hakuna mtu atakayemsikiliza inspekta. Zaidi ya hapo, mtu mmoja atakufaje kwa sumu kwenye sinia anayochangia na wenzake watatu? Tulikaa na swali hilo mazoezi mawili, mpaka mama mmoja wa kikundi aliposema kwamba kitu pekee ambacho kila mtu hupewa chake peke yake baada ya kula ni tambuu. Basi sumu ikaenda kwenye tambuu, glasi ya kwenye bahasha ikawa kijaluba, na mauaji yakasogezwa hadi watu walipokwisha kunawa mikono. Uchunguzi wote ulifuata baada ya hapo, bila sahani mezani, na ninaamini hivyo ni bora kuliko ilivyoandikwa.

Jambo ambalo mwandishi wa kifurushi hakuliwazia kabisa ni shuka jeupe. Mwongozo unaagiza marehemu afunikwe shuka jeupe sakafuni hadi mwisho. Kwetu hiyo ni sanda, na hakuna atakayecheka mbele ya sanda. Tuliliondoa, tukamtoa marehemu nje akiwa ameegemea mabega ya watu wawili, na mshereheshaji alikuwa ametangaza mara mbili tangu mwanzo kwamba huu ni mchezo. Hata hivyo, habari ya kifo ilipotangazwa, nilisikia sauti kadhaa zikisema "Inna lillahi" kwa dhati, na kwa dakika nzima ukumbi ulitulia kwa namna ambayo hatukuipanga.

Makosa mengine yalikuwa yetu. Kijaluba cha ushahidi kilikuwa na tambuu tatu, moja ikiwa haina chokaa, na tofauti hiyo ndiyo iliyopaswa kumfichua muuaji. Nilikiweka mezani mapema mno. Inspekta alipofika meza ya tano kukichukua, alikikuta kitupu, na bibi mmoja anatafuna taratibu huku akilalamika kwamba tambuu ya leo haikolei. Inspekta, Mungu ambariki, aliandika malalamiko hayo kwenye daftari lake kama ushahidi rasmi, na yakatosha. Wapo pia waliotufuata tangu michezo ya sokoni, na mmoja wao aliusimamisha mchezo akitaka achukue nafasi ya mjane, kama alivyozoea. Kwa hayo yote, saa mbili na nusu zikawa karibu saa nne. Kati ya wageni 72, waliomtaja muuaji sawasawa ni 19.

Tulipofunga hesabu tuliweza kununua taa nne, ila vipaza sauti bado. Ndani ya fedha hizo zimo shilingi 7,000 ambazo mjane wetu alikuta ametiwa mkononi, kidogo kidogo, na kina mama waliokuwa wanampa pole, naye akashindwa kuwarudishia.