Uzoefu wangu na Star Trek, tamthilia ya wazazi wangu

Wazazi wangu waliipenda Star Trek: The Next Generation walipokuwa wanafunzi nchini Uingereza, ambako BBC ilianza kuionyesha mwaka 1990, na waliporudi Mombasa walikuja na kanda zake za video ambazo hadi leo hakuna anayethubutu kuzitupa, ingawa deki ilikwisha kufa zamani. Mimi nilikua nikiijua kama tamthilia ya watu waliovaa sare za kubana wakizungumza bila kikomo. Ukubwani nimeitazama yote kupitia huduma ya kulipia mtandaoni, pamoja na Deep Space Nine iliyoifuata, na nathubutu kusema kwamba mazungumzo hayo ndiyo utamu wenyewe. Anayetafuta mapigano ya vyombo vya anga atayapata, lakini hatashiba.

Kwa asiyeijua, Star Trek ni tamthilia ya televisheni ya wasafiri wa anga wa karne zijazo; ilibuniwa na Gene Roddenberry na ikaanza kurushwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Katika kipindi hicho cha kwanza kabisa tayari Kiswahili kinasikika, pale kiumbe anayeweza kujigeuza anapomjia Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa lugha yetu. (Matamshi yake yatamchekesha yeyote aliyekulia pwani, lakini nia njema ilikuwepo.) Tamthilia hiyo ya awali ilidumu misimu mitatu, vipindi 79. Naiheshimu, ila simshauri mgeni aanzie hapo.

Aanzie kwenye The Next Generation, iliyorushwa kati ya 1987 na 1994, tena aanzie msimu wa pili. Msimu wa kwanza unayumba, na kipindi chake kiitwacho "Code of Honor" ni cha kuudhi: watu wa sayari moja, wote weusi, wanachorwa kama watemi wa hadithi za kikoloni wanaoteka wanawake. Baadhi ya waigizaji wenyewe walikuja kukilaani hadharani. Baba, ambaye havumilii neno baya juu ya Nahodha Picard, hukiruka bila kusema kitu.

Kipindi kilichonikamata ni "The Measure of a Man" cha mwaka 1989. Data, afisa ambaye ni roboti mwenye umbo la binadamu, anatakiwa akabidhiwe kwa mtaalamu anayetaka kumfungua amchunguze, naye anapokataa, suala linafikishwa mbele ya hakimu: je, Data ni mtu au ni mali ya jeshi? Picard anamtetea, na Riker, rafiki yake Data, analazimishwa kuwa mwendesha mashtaka, kwani akikataa hakimu ataamua papo hapo kwamba Data ni mali. Kuna nukta ndogo ambayo ningemwomba kila mtazamaji aitazame kwa makini. Riker yuko peke yake akisoma maelezo ya kiufundi ya mwili wa Data, na anapogundua swichi ya kumzimia, uso wake unachangamka kama wa mtu aliyepata karata ya ushindi, kisha pale pale unasawijika anapokumbuka ushindi huo ni dhidi ya nani. Hasemi neno. Baadaye anaibonyeza swichi hiyo mbele ya hakimu, na Data anaanguka kifudifudi juu ya meza. Hakuna bunduki iliyofyatuliwa katika kipindi kizima, na sikumbuki filamu ya vita iliyowahi kunikalisha kimya namna ile.

Mama ana lake. Yeye ni wa Deep Space Nine, ya 1993 hadi 1999, aliyoijua kwa kanda alizotumiwa na rafiki yake aliyebaki Uingereza, na nimeelewa kwa nini. Hadithi inaanzia kwenye kituo cha anga kando ya sayari ya Bajor, ambayo imetoka tu kujikomboa baada ya kukaliwa na Wakadasia kwa miaka hamsini. Meja Kira alikuwa mpiganaji wa msituni. Sasa anavaa sare, anahudhuria mikutano, na kila siku anakutana na waliompiga vita na wenzake waliowatumikia Wakadasia. Kwa mtu aliyelelewa na wazee walioishi chini ya hali ya hatari ya Kenya, hiyo si ndoto ya karne ya 24. Humo pia mna "Far Beyond the Stars" cha 1998, kilichoongozwa na Avery Brooks mwenyewe, anayeigiza Kamanda Sisko: ndani yake ni mwandishi mweusi wa New York ya miaka ya hamsini ambaye hadithi yake inakataliwa kwa sababu shujaa wake ni mweusi.

Wazazi wangu hawajawahi kuafikiana juu ya sheria kuu inayowakataza mabaharia hao wa anga kuingilia mambo ya walimwengu wasiofikia maendeleo yao. Baba anaiita adabu. Mama anaiita kisingizio cha wenye uwezo. Mimi, kwa kuwa sasa nimezitazama zote mbili, niko upande wa Mama, na Baba amekwisha kunipa orodha ya vipindi vya kurudia.

Jambo la mwisho ni la kiufundi. The Next Generation ilisafishwa upya kutoka kwenye filamu yake ya asili, hivyo picha yake inang'aa hata kwenye televisheni kubwa. Deep Space Nine haikufanyiwa hivyo, na kwenye skrini ya inchi 55 sura za watu hufifia. Kwenye kompyuta ya mkononi haisumbui. Vipindi vya tamthilia hizo mbili kwa jumla ni 354, kwa hiyo anayetegemea bando la simu apunguze ubora wa picha kabla hajaanza.