Upanga wa Enzi za Kati na ngozi ya mbuta: uzoefu wangu Kisumu

Nimekaa na upanga huu miezi minne. Ni nakala ya ule wa mkono mmoja waliobeba wapanda farasi wa Ulaya: kinga ya mkono imenyooka kama msalaba, na mwisho wa mpini kuna kirungu cha duara mfano wa gurudumu, mtindo ulioenea sana karne ya 12 hadi ya 14. Niliuagiza mtandaoni kwa shilingi 14,000, ukafika Kisumu kwa basi.

Chuma chenyewe hakina neno. Ni cha kaboni, si kile cha mapambo kisichoshika kutu, na uzani wake ni kilo 1.3, sawa kabisa na panga nyingi za kweli za aina hii. (Wengi hudhani zilikuwa nzito kama nyundo ya kuvunjia mawe. Sivyo.) Umekuja butu na nimeuacha butu, nina watoto nyumbani.

Kilichoniudhi ni umaliziaji. Bapa lilikuwa linang'aa kama sufuria mpya, na mpini ulivikwa ngozi bandia iliyoanza kubanduka wiki ya pili. Nilipoivua nikakuta vipande viwili vya mbao vilivyogundishwa ovyo, ufa unapitisha ukucha. Muuzaji nilimpigia, akaniambia wengine hawajalalamika.

Basi nikaamua kuurekebisha mwenyewe. Kirungu kimekazwa kwa nati, kwa hiyo kuufungua wote ilikuwa kazi ya dakika chache. Wahunzi wa zamani walipitisha mkia wa upanga, ile sehemu nyembamba inayoingia ndani ya mpini, hadi ndani ya kirungu, kisha wakaiponda ncha yake ikiwa ya moto mpaka ikatanuka, na hapo hufungui bila kukata. Kwa fundi wa nyumbani, nati ni neema.

Bapa nililipiga msasa namba 220, kisha 400, nikifuata urefu wake. Halafu siki, ili kuufifisha ule mng'ao. Nilichukua bomba la plastiki la inchi 3, nikaliziba chini, nikamimina chupa tano za siki nyeupe na kuuacha upanga humo usiku kucha. Kumbe bomba lilikuwa linavuja! Asubuhi nikakuta karibu na mpini umebaki ukanda wa vidole vitatu unaong'aa, na mstari uliokatika wazi kabisa. Nikarudia msasa wote. Mara ya pili ulitoka kijivu cha wingu la mvua juu ya ziwa, nami nikaupenda. Ila ukishautoa, usuuze kwa maji yenye magadi, ukauke na upakwe mafuta papo hapo. Mimi nilipokea simu nikiwa sijaupaka mafuta, na kwa unyevu wa huku kwetu nilirudi nikakuta vumbi la kutu rangi ya chungwa.

Mpini ndio ulionipa raha. Hapa Kisumu wapo wanaotengeneza ngozi kutokana na mbuta (sangara, yule samaki mkubwa wa ziwani), zile ngozi zinazobaki samaki akishachunwa minofu. Nilimpelekea fundi viatu mmoja pale Kibuye kipande changu. Akakivuta pande zote, akasema, "Kijana, usiogope kuivuta hii. Nyuzi zake zimepishana, haichaniki upesi." Nikagundisha mbao upya, nikazungushia uzi wa katani kutoka juu hadi chini, nikapaka gundi nyeupe ya mbao, kisha nikavalisha ngozi iliyoloweshwa maji baridi (ya moto huikunja ikaharibika). Juu yake nikakaza kamba usiku mzima. Nilipoifungua asubuhi, mibonyeo ya kamba ilikuwa imelala sawasawa, na katikati yake vile vifuko vidogo ambamo magamba yalikaa. Ukiushika, kidole gumba kinavihisi kimoja kimoja, wala mkono hautelezi hata ukiwa na jasho.

Kama unataka kitu cha kutundika ukutani siku hiyo hiyo, usinunue huu, bei haistahili. Kama una wikendi tatu na uvumilivu, nunua: chuma kizuri ndicho kigumu kukipata, hayo mengine yanatengenezeka hapa hapa. Nilitumia kama shilingi 3,200 zaidi, nyingi zikiwa za ngozi.

Kila wiki mbili naufuta kwa nta ya nyuki. Na siuweki tena ndani ya ala ya ngozi uliyokuja nayo, kwa sababu inatunza unyevu. Doa la kwanza la kutu baada ya kazi yote hiyo lilitokea humo.