Uzoefu wangu na nakala mbili za risala ya Paracelsus kuhusu nimfa, silfi, gnomi na salamanda

Kati ya maandishi yote ya Ulaya yahusuyo mambo ya ghaibu, hakuna niliyoyatamani kama risala ya Paracelsus, tabibu aliyezaliwa Einsiedeln, Uswisi, mwaka 1493, kwa kuwa ndiyo iliyowapanga bayana viumbe wa asili nne: nimfa wa majini, silfi wa hewani, gnomi wa ardhini na salamanda wa motoni. Ilichapishwa mwaka 1566, miaka 25 baada ya kufa kwake.

Nakala ya kwanza niliiagiza mtandaoni kwa muuzaji ambaye sitamtaja. Jalada lilipendeza, lakini ndani maneno ya mwisho wa mistari yalikuwa yamezama kwenye mshono, na baada ya ukurasa wa 61 ukafuata wa 78. Hayo ningeyavumilia. Kilichoniudhi ni kwamba risala ilichanganywa na sala za kuwatiisha viumbe hao kutoka kitabu cha Éliphas Lévi, Mfaransa wa karne ya 19, bila tarehe wala mpaka wowote, hata msomaji mgeni angeamini kwamba Paracelsus alikuwa akifundisha namna ya kuwaita mapepo, ilhali katika risala hii anaeleza maumbile yao.

Nikatafuta tafsiri ya Kiingereza ya Henry Sigerist, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani mwaka 1941 pamoja na risala nyingine tatu, na hapo ndipo nilipomsikia mwandishi mwenyewe. Anasema kwamba kama samaki anavyoishi majini nasi hewani, ndivyo gnomi anavyopita ndani ya mwamba bila kuzuiwa na chochote. Na kadiri makazi yalivyo mazito, ndivyo mwili wa mkazi wake unavyokuwa mwepesi. Sehemu hiyo niliirudia mara tatu, kwa jinsi hoja inavyojengwa kwa utulivu.

Sisi tuliokua na hadithi za majini tusikimbilie kuwalinganisha. Jini atahesabiwa mbele ya Mungu, lakini viumbe hawa, ingawa wana nyama na damu, wanakula, wanaongea na kuzaa, hawana roho na hufa kama wanyama. Nimfa huipata roho akiolewa na mwanadamu. Mume naye anaonywa asimuudhi mkewe wakiwa juu ya maji, kwani mke huyo atazama asionekane tena, na ndoa haitakuwa imevunjika. Mume akioa mwingine, kifo kitamfuata. Ukisoma hapo utaelewa Fouqué, mwandishi Mjerumani, alichota wapi hadithi yake ya Undine, nimfa aliyeolewa na mwanadamu, mwaka 1811.

Anayetafuta sala na maagano hatayapata katika tafsiri ya Sigerist. Mimi naipa nyota tano, na ningemshauri anayeanza aisome kwanza, kisha Lévi amsome peke yake, katika kitabu chake mwenyewe.