Shonen Knife, Burning Farm: punk ya Osaka iliyoimba brashi ya masufuria

Oya mambo vipi watu wangu, karibuni tena, leo sina hata subira maana mzigo umefika, oneni, Burning Farm, santuri ya Shonen Knife, bendi ya wadada watatu wa Osaka, Japani, wanaopiga punk, ile rock ya haraka na ya fujo! Mambo ya uzito wa santuri na kava naruka, mnayajua, mimi nataka tusikilize huu wimbo mmoja tu, wa brashi ya kusugulia masufuria. Eeh, brashi! Ile ya kahawia, ya nyuzi ngumu, chapa ya kobe, iko majikoni kwa Wajapani miaka nenda rudi, yani kama makumbi kwa bibi zetu.

Ngoja niweke sindano… haya, sikia hapo. Gitaa linakwaruza, halafu wadada wanaimba kwa sauti nyepesi, hawafoki, hawajibebishi, utadhani tangazo la redioni. Narudisha tena kidogo, sasa skiliza dramu, hiyo ni Atsuko Yamano, dada yake Naoko ndo yuko kwenye gitaa na besi ni rafiki yao Michie Nakatani, na huyo Atsuko ndo alikuwa akishona nguo za jukwaani za bendi nzima. Walianza Osaka mwishoni mwa 1981, hii ikatoka 1983, wakati punk wengi walikuwa wanaijua ya midume yenye hasira, wao wakaja na nyimbo za tembo na vyombo vya jikoni na bado inagonga kipunk kabisa, mi hapo ndo wananimaliza.

Kuna watu kila siku mnaniambia Shonen Knife wamewaiga Ramones, ile bendi ya punk ya Marekani, jamani wenyewe hawajawahi kuficha, 2011 walitoa albamu nzima ya nyimbo za Ramones, Osaka Ramones. Na kwa melodi naanza kuona hawa wamewazidi, nishambulieni tu kwenye komenti. Kaseti ya Burning Farm ilitoka Marekani 1985 kupitia K Records, lebo ya mji wa Olympia, milango ikaanza kufunguka, mpaka mwishoni mwa 1991 Nirvana, bendi ya rock ya Marekani, wakawabeba wawafungulie shoo Uingereza. Michie akatoka 1999, Naoko yeye hajaachia gitaa, 2023 wametoa albamu ya Our Best Place.

Bei sasa… nauli ya mzigo imeipita santuri yenyewe, inauma. Kama huna pleya usijikamue, isikilize mtandaoni kwanza, ikikukamata ndo uagize. Video yangu ya kujaribu spika inakuja Ijumaa, na nitazijaribia na huu huu wimbo wa brashi.