Kubadilishiwa injini kwa rikoli Mombasa: uzoefu wangu

Injini yenyewe ni ya bure, kuitoa na kuifunga ni bure, na kwa hilo dila (wakala wa kampuni ya gari) wa hapa Mombasa simlaumu. Nampa alama 3 kwa 5. Mbili nimezikata kwa sababu ya mambo ya pembeni: kipoza oili, mauntini (mipira inayoshikilia injini), na karatasi za namba ya injini. Usipoyataja wewe hakuna atakayekutajia, na ndiyo yanayoua injini mpya au kukukwamisha siku ya kuuza gari.

Rikoli ni wito wa mtengenezaji kurudisha magari yenye kasoro ya kiwandani yakarekebishwe bila malipo. Kasoro ya injini yangu, petroli ya silinda 4, ni ya aina inayojulikana sana. Mabaki ya chuma ya wakati wa kuchonga krankshafti (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) hubaki kwenye vijia vya oili. Hyundai iliita Sonata zipatazo 470,000 za 2011 na 2012 huko Marekani Septemba 2015 kwa tatizo la namna hiyo. Mei 2024 Toyota nayo ikaita Tundra na Lexus LX zipatazo 102,000 za 2022 na 2023. (Langu si la hao wawili.) Beringi ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krankshafti) ikikosa oili husagika, huzunguka pale ilipokaa, na mwisho konrodi hukatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini. Gari huzima hapo hapo, iwe uko Makupa au katikati ya daraja la Nyali.

Kwanza hakikisha gari lako limo. Rikoli hufuata namba ya chesi, haifuati jina la gari wala mwaka peke yake. Namba ya kimataifa ina tarakimu na herufi 17, na herufi I, O na Q hazitumiki humo, kwa hiyo ukiona kama O andika sifuri. Omba dila akuchapishie ukurasa unaoonyesha msimbo wa rikoli na kama bado haijafanyiwa kazi. Tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, haitakusaidia kwa gari lililouzwa Kenya. Inahusu magari ya soko lao.

Gari la ex-Japan ni habari nyingine. Lina namba fupi ya chesi yenye kistari katikati, na watengenezaji wa Japani wana kurasa za kuitafuta kwa namba hiyo. Fanya hivyo kabla hujalipa, gari likiwa bado yadi ya huko, umwambie muuzaji alipeleke likarekebishwe kwao. Likishashuka bandari ya Kilindini usitarajie dila wa hapa alibebe.

Ushahidi wa kupeleka: risiti za kubadilisha oili zenye tarehe, kilomita na aina ya oili. Si lazima ziwe za dila. Zangu mbili zilitoka duka la oili la mtaani, kilomita nimeziandika kwa kalamu, na zilikubaliwa. Rekodi pia video ya injini ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, anza na dashibodi ili kilomita zionekane. Mlio wa beringi iliyosagika ni ko-ko-ko ya chini inayopanda pamoja na mizunguko ya injini na kuzidi ukikanyaga mafuta mlimani. Tiki-tiki nyepesi ya juu mara nyingi ni injekta au valvu, na kwa hiyo hupewi injini. Usimruhusu fundi afungue sampu (bakuli la oili chini ya injini) "atazame tu", wala usitie oili nzito ya 20W-50 kunyamazisha mlio. Sampu iliyobandikwa silikoni ya dukani huonekana kwa macho, na oili nzito hupita kwa tabu zaidi kwenye vijia ambavyo tayari vimeziba nusu.

Sasa suala la sumaku, maana hapa watu wengi hudanganyika. Mafundi huchomoa nati ya oili, wakaigusisha sumaku, wakasema safi, chuma hakuna. Beringi za konrodi upande wa ndani ni aluminiamu, au shaba yenye mchanganyiko wa bati, na sumaku haizishiki. Chuma kinachonaswa hutoka krankshafti yenyewe, na mambo yakifika huko yameshaharibika. Kipimo cha maana ni kukata filta ya oili. Ganda likatwe kwa kikatio cha kuzungusha. Msumeno huongeza unga wake wa chuma ukashindwa kujua kipi ni kipi. Nyosha karatasi ya ndani, ikamue oili, itandaze juani. Vimeta vya rangi ya fedha au dhahabu vinavyotawanyika kila mkunjo ndivyo unavyovitafuta. Nilimwomba dila akate filta mbele yangu na picha zikaingia kwenye faili la madai. Idhini ya mtengenezaji ilikuja baada ya siku 11.

Kabla ya kutia saini, uliza unapewa injini nzima au nusu. Nusu ni bloku, krankshafti, konrodi na pistoni. Kichwa cha silinda cha zamani huhamishiwa juu yake. Kama beringi zako zimeanza kusagika, oili imekwisha kusambaza unga huo hadi kwenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) na valvu ndogo za kurekebisha majira ya kamshafti. Kichwa hicho kinahitaji kufunguliwa na kuoshwa chote, na kwa dila mwenye foleni sijui ni nani atakayekuwa na subira hiyo. Dai injini nzima. Mimi nilianza kupewa nusu. Picha za filta ndizo zilizobadili uamuzi.

Hata injini nzima haikuondolei tatizo la kipoza oili. Ndani yake ni vibati vilivyopangwa kwa karibu mno, na chembe hunasa katikati. Kioshe kwa petroli, kipulize kwa hewa ya kompresa, bado kitatema siku oili itakapopata moto sawasawa, na chembe ya kwanza itakwenda kwenye beringi mpya. Njia ni moja, kukitupa. Kwangu dila alipanga kurudisha cha zamani kwa kuwa hakimo kwenye orodha ya vipuri vya rikoli. Nilimtaka aandike kwenye kadi ya kazi kwamba injini ikinoki tena kwa sababu ya kipoza cha zamani, dhamana inabaki pale pale. Kesho yake kipya kikaagizwa. Mwenye turbo adai pia mabomba ya oili ya turbo na ipimwe beringi yake, langu halina.

Kusubiri: wiki 9 injini ifike kwa meli, siku 4 za kazi. Hakuna gari la kuazima. Gari likikaa yadi muda huo omba waya wa betri utolewe, na usishangae diski za breki zikipiga kutu kwa upepo wa chumvi.

Rikoli ilibeba gasketi, oili, filta, kulanti na boliti za kutumika mara moja. Mauntini mbili zilizolowa oili, hosi ya chini ya radieta, mkanda na plagi 4 nilizilipia. Lipia tu, kwa sababu injini ikiwa nje ni dakika chache, na baadaye ni kazi ya siku nzima.

Siku ya kuchukua gari, uliza kama injini ilizungushwa kwa starta fyuzi ya injekta ikiwa nje hadi taa ya oili ilipozimika, ndipo ikawashwa. Injini iliyowashwa kavu hupoteza uhai sekunde za mwanzo. Angalia kulanti baada ya injini kupoa, si ikiwa moto. Hewa iliyobaki ndani hushusha kiwango, na langu lilipungua karibu nusu lita usiku wa kwanza. Ongeza kulanti ya aina ile ile. Maji ya kisima ya Mombasa yana chumvi, yanakula aluminiamu, na ndiyo gereji nyingi hujazia. Washa AC dakika 15: kompresa husogezwa pembeni na hosi zake, ikivutwa vibaya gesi huvuja. Tazama usukani pia. Kama injini ilitolewa kwa chini pamoja na fremu yake, alainimenti lazima ipimwe; langu lilivuta kushoto hadi nikalirudisha.

Kilomita 1,000 za kwanza usipite mizunguko 4,000 kwa dakika, usivute trela, na usishike mwendo mmoja muda mrefu. Mlima wa Mazeras unafaa, ukipanda kwa mzigo wa kati na kushuka bila kukanyaga, kwani ringi za pistoni hukaa kwa kubanwa na kuachiwa. Foleni ya feri Likoni haifai, zima injini. Nilibadilisha oili na filta kwa kilomita 1,000, kwa gharama yangu ingawa kitabu hakidai, nikakata filta tena. Ilikuwa safi.

Mwisho, karatasi. Ankara yangu iliandikwa "injini imebadilishwa" na hakuna zaidi. Haitoshi. Logbook ina namba ya injini, na mabadiliko hupelekwa NTSA, mamlaka ya usafiri ya Kenya, kupitia tovuti ya eCitizen, gari likakaguliwe. Dai barua yenye namba ya chesi, namba ya injini ya zamani, ya mpya, tarehe na msimbo wa rikoli. Bloku nyingine za kubadilishia hutoka kiwandani bila namba. Barua iseme hivyo wazi na iseme nani aliyegonga namba na ni ipi. Nakala moja wape bima. Na piga picha ya namba hiyo kwenye bloku kabla kinga ya chini haijarudishwa. Kwa gari langu, ikishafungwa namba haionekani bila kulinyanyua.